Córdoba mwezi wa Julai pamoja na bibi na watoto: nendeni, ila si kwa ratiba hiyo

SWALI: Tunaishi Birmingham, ila mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Likizo za shule zinatulazimisha kusafiri wiki ya mwisho ya Julai. Tutafikia Sevilla, Hispania, na siku moja tunataka kwenda Córdoba kuuona ule msikiti mkuu wa kale: tupande treni ya saa tatu asubuhi, tuzunguke mchana kutwa, jioni turudi. Tuna watoto wa miaka 4 na 9, na mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga. Ana miaka 68 na anatumia dawa za presha. Watu wanatutisha na joto. Lakini sisi watu wa pwani, joto tumezaliwa nalo. Je, tutaweza? Na tutaruhusiwa kuswali mle ndani?

JIBU: Dada, nendeni. Ila hiyo safari ya kwenda na kurudi siku moja ifute leo hii kabla hujakata tiketi. Ukishuka kwenye treni saa nne kasorobo na kuondoka saa moja jioni, utakuwa umechagua saa zote mbaya za mji ule na kuziacha zote nzuri. Kiangazi Córdoba inaishi mara mbili kwa siku: asubuhi mpaka kama saa tano, kisha usiku kuanzia saa mbili na nusu hivi. Hapo katikati wenyeji wako ndani, madirisha yamefungwa, na wanaoonekana barabarani ni watalii waliokuja na treni ya saa tatu.

Kwa hiyo laleni Córdoba usiku mbili. Kutoka Sevilla kwa treni ya kasi ni kama dakika 45 tu, kuhamisha mabegi si kazi kubwa. Mkifika jioni ya siku ya kwanza, mtapata jioni mbili na asubuhi mbili, na hizo zinatosha kuuona mji bila kumchosha bibi.

Hilo la kuzaliwa na joto nalisikia kila kiangazi kutoka kwa familia za Tanga, Mombasa na Unguja, na ndilo linalowaponza kuliko Waingereza, kwa sababu Mwingereza anakuja akiwa tayari ana hofu. Joto la Tanga na la Córdoba ni vitu viwili. Tanga ikifika nyuzi 33 watu wanalalamika, na kweli ni taabu, maana hewa imejaa unyevu na jasho halikauki. Lakini bahari iko palepale, upepo unavuma, na joto haliendi mbali zaidi ya hapo. Córdoba iko kwenye bonde la mto Guadalquivir, mbali na bahari, mita mia na ushee tu juu ya usawa wake. Kaskazini imezibwa na milima ya Sierra Morena, kusini na milima ya Bética, na hewa ya moto inayopanda kutoka Sahara ikiingia bondeni humo inakaa. Wastani wa joto la juu mwezi wa Julai ni kama nyuzi 37, na wastani maana yake kuna siku nyingi zinazouvuka. Tarehe 13 Julai 2017 kipimo cha uwanja wa ndege wa Córdoba kilifika nyuzi 46.9. Rekodi ya Hispania nzima, nyuzi 47.6, ilipimwa La Rambla, mji mdogo katika mkoa huohuo, tarehe 14 Agosti 2021.

Joto hilo ni kavu, na ukavu ndio unaomhadaa mtu wa pwani. Kwenu mtu anajua amechoka kwa joto kwa sababu nguo imelowa. Córdoba jasho linakauka kabla hujaliona, ngozi iko kavu, mtu anasema "mbona nafuu?" na wakati huohuo maji yanamtoka. Mtu mzima anayetembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja bila shati lake kulowa. Kwa hiyo kiu isiwe ndiyo saa yenu ya kunywa. Kila mtu awe na chupa yake, mnywe kidogokidogo kila mnaposimama, na mumwangalie mtoto wa miaka 4 anakojoa mara ngapi. Kama tangu asubuhi hajaomba kwenda chooni na saa sita imefika, hajanywa vya kutosha, hata kama yeye anakataa.

Upepo nao unabadilika tabia. Hewa ikizidi nyuzi 35 hivi, ambazo ndizo za ngozi ya mtu, upepo mkavu hauchukui tena joto mwilini, unaliongeza. Unafaa tu kama ngozi ina maji. Hapa ndipo kanga ya mama mkwe itakapofanya kazi kuliko feni yoyote: ailoweshe, aikamue, aitupie shingoni na mabegani. Kwa ukavu ule itakuwa imekauka baada ya robo saa, na ukaukaji huo ndio unaopoza. Wahispania wanaijua kanuni hiyo kwa njia ya botijo, mtungi wa udongo mkavu usiopakwa rangi ya kung'aa, unaovuja jasho kwa nje na kuyapoza maji ya ndani. Mama mkwe atautambua mara moja. Atashangaa tu kwamba unapoza zaidi kuliko wa nyumbani, kwa vile hewa ya kule inakausha haraka.

Na madirisha! Mtu wa pwani akiona joto anafungua dirisha apate upepo. Córdoba mchana dirisha hufungwa, na ile pazia ya mbao au plastiki ya nje, wanayoiita persiana, hushushwa mpaka chini. Nyumba inabaki giza na baridi. Madirisha hufunguliwa usiku wa manane na asubuhi mapema. Mwambie mama mkwe mapema, la sivyo mtarudi chumbani saa saba mkute ameshafungua kila kitu na kiyoyozi kinahangaika bure.

Sasa saa. Hili ndilo linalowachanganya wageni wengi na ni wachache wanaoelezwa. Hispania inafuata majira ya Ulaya ya kati, ilhali kijiografia iko huko magharibi karibu na Ureno, na kiangazi saa zinasogezwa mbele tena. Matokeo yake, mwishoni mwa Julai jua la Córdoba linafika juu kabisa saa nane na dakika 25 mchana. Kwetu Tanga ni saa sita na ushee. Tazama ratiba ya swala ya kule utaona mwenyewe: adhuhuri inaingia saa nane na nusu hivi, magharibi saa tatu na nusu usiku, na isha inakaribia saa tano na robo. Na joto haliko juu zaidi jua linapokuwa juu. Linachelewa saa tatu au nne nyuma yake. Kwa hiyo kilele cha joto ni saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni. Mtu anayesema "tupumzike saa sita hadi saa tisa, halafu tutoke jua likipungua" anatoka wakati mbaya kuliko wote. Hili nalikazia kwa sababu nimeona familia nzuri, zenye kofia na maji na kila kitu, zikitoka hotelini saa kumi kamili huku zikijiona zimefanya busara.

Upande wa pili wa ukavu huo ni zawadi. Hewa kavu haishiki joto usiku, na alfajiri Córdoba hushuka mpaka nyuzi 20 hivi. Saa mbili asubuhi kuna kijibaridi ambacho Tanga hamkipati Februari. Watoto wataamka vizuri. Tumia asubuhi hizo kama fedha.

Asubuhi ya kwanza ni ya Mezquita, yaani huo msikiti mkuu. Kwa utaratibu uliopo miaka mingi, Jumatatu hadi Jumamosi milango hufunguliwa saa mbili na nusu, na mpaka saa tatu na nusu mtu binafsi anaingia bure. Vikundi na waongoza watalii havimo. Uhakikishe tarehe zenu kwenye tovuti yao, kwa sababu sikukuu na ibada hubadilisha mambo, na Jumapili asubuhi kuna misa. Siwapeleki saa hiyo kwa ajili ya kuokoa euro. Nawapeleka kwa sababu ndani kuna utulivu, sakafu ni ya baridi, na mtoto wa miaka 4 ana saa moja tu ya uvumilivu mahali kama pale. Dakika chache kabla ya saa tatu na nusu walinzi huanza kuwatoa watu, na anayetaka kuendelea hukata tiketi. Fikeni mlangoni saa mbili na robo.

Mtaingia kwanza kwenye ua wenye michungwa. Ni midanzi hasa, matunda yake ni machungu, na Julai bado ni mabichi, kwa hiyo mtoto asihangaike kuyachuma. Chini muoneshe vijifereji vya mawe vinavyopeleka maji kutoka shina moja hadi jingine. Katika ua huo ndipo watu walipotawadhia.

Ndani, mpe mkubwa kazi. Mtoto wa miaka 9 akiambiwa "angalia historia" atanuna, lakini akiambiwa atafute kitu atazunguka mwenyewe. Amiri Abdurrahman wa Kwanza alianza ujenzi mwaka 785, na mafundi wake waliokota nguzo kutoka majengo yaliyokuwapo ya Warumi na ya Wavisigothi, watawala Wakristo waliotangulia Waislamu. Ndiyo maana katika sehemu ya kwanza hakuna nguzo mbili zinazofanana sana: moja ya waridi, nyingine ya kijivu, moja laini, nyingine ina mistari ya kujiviringisha, na vichwa vyake kila kimoja na mchongo wake. Aziainishe. Nguzo zilizobaki leo ni zaidi ya 850. Halafu atazame juu. Nguzo hizo za kuokota zilikuwa fupi, na dari lilitakiwa kuwa juu, basi fundi akasimamisha mhimili mwingine wa mawe juu ya kila nguzo na kuzifunga kwa matao mawili, moja chini jingine juu. Yale matao ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo kila mtu huyapiga picha yalitokana na shida hiyo ya urefu. Nyekundu ni matofali, nyeupe ni jiwe.

Hapo kuna swali la pili la kumpa: wapi nyekundu si tofali bali ni rangi tu iliyopakwa juu ya jiwe? Jibu ni upande wa mashariki, sehemu ya mwisho na kubwa kuliko zote, iliyojengwa na waziri Al-Mansur kuanzia mwaka 987 hivi. Alikuwa na haraka. Huyu ndiye ambaye mwaka 997 aliteka Santiago de Compostela, akaleta kengele za kanisa la kule zikawa taa za msikiti; Wakristo walipouteka mji mwaka 1236, zikarudishwa zilikotoka. Watoto wanaipenda hadithi hiyo kuliko tarehe zote za makhalifa.

Mama mkwe mpelekeni moja kwa moja mbele ya mihrabu ya Al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960. Vile vijiwe vya dhahabu na kioo vilitumwa na mfalme wa Bizantini pamoja na fundi wa kuvipanga, na maandishi yake ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Kuna uzio, hamtaingia ndani, lakini mkisimama katikati kidogo mkainua macho kwenye kuba mtaelewa kwa nini watu wanatoka mbali. Usimharakishe. Kama kuna kitu kimoja katika safari hii kinachostahili dakika zake ishirini za kukaa kimya, ni hicho. Na katikati ya jengo mtakuta kanisa kuu zima limepandishwa ndani ya msikiti tangu mwaka 1523. Wengine wanakasirika, wengine wanasema bila kanisa hilo jengo lingekuwa limeshabomolewa kitambo. Mimi huwaacha wageni waamue wenyewe.

Kuhusu kuswali: hapana. Jengo ni kanisa kuu la Katoliki, na swala ya Kiislamu hairuhusiwi ndani yake. Si suala la kujificha kwenye kona. Walinzi wanaangalia hilo hasa, na mwaka 2010 kikundi cha vijana Waislamu kutoka Austria walipojaribu kulitokea vurugu mpaka polisi wakaingia. Mweleze mama mkwe nyumbani kabla ya kuondoka, asije akasikia kwa mlinzi mbele ya wajukuu. Hijabu na buibui si tatizo lolote. Wanaume ndio wanaotakiwa kuvua kofia. Kuna msikiti mdogo uitwao Morabito katika bustani za Plaza de Colón, lakini usiutegemee kuwa wazi kila wakati. Adhuhuri na alasiri mtakuwa chumbani, basi swalini huko kwa nafasi.

Mkitoka ni saa tatu na nusu. Kaeni mpate kifungua kinywa kwenye kivuli, halafu mnaweza kuzunguka vichochoro vya Judería, mtaa wa kale wa Wayahudi, mpaka saa tano. Mitaa ni membamba na kuta ni ndefu, kwa hiyo upande mmoja una kivuli karibu asubuhi yote. Tembeeni kwenye kivuli hata kama ramani inasema vingine. Sinagogi dogo la mwaka 1315 liko humo, na sanamu ya Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa mzaliwa wa mji huu. Kigari cha mtoto kitasumbua. Njia nyingi zimepangwa vijiwe vya mto, na magurudumu madogo hukwama. Chukua chenye magurudumu makubwa au mbebe mgongoni. Na tafadhali usikifunike kigari kwa kitambaa ili kumkinga mtoto na jua. Kinaonekana kivuli, lakini hewa ndani yake haipiti na joto linapanda haraka kuliko nje. Mwavuli mdogo ni bora.

Saa tano na nusu muwe njiani kurudi. Mtu mwenye nguvu zake anaweza kuongeza makumbusho ya akiolojia, yaliyo karibu, yenye kiyoyozi, na chini yake kuna mabaki ya ukumbi wa maonyesho wa Warumi. Bibi na mdogo wapelekeni chumbani.

Chakula cha mchana kule huliwa saa nane, na jikoni za mikahawa mingi hufungwa saa kumi mpaka saa mbili na nusu usiku. Mwenye watoto asiposhika hilo, atakuta milango imefungwa wakati tumbo la mtoto limefunguka. Nunueni matunda, mkate na maziwa mapema asubuhi, maana maduka madogo nayo hufunga mchana. Kama mnaweza kupata nyumba ya kupanga yenye jiko badala ya hoteli, itawapunguzia taabu ya nyama halali pia.

Mle mkahawani agizeni salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, chakula cha mji huu hasa kwa joto hili. Inakuja imenyunyiziwa yai na vipande vya paja la nguruwe, hata kama kwenye orodha haikuandikwa. Semeni "sin jamón" wakati wa kuagiza, na mrudie wakati anaondoka. Bilinganya za kukaanga zenye asali ya miwa watoto wanazimaliza. Flamenquín ni nguruwe, msidanganyike na umbo lake la soseji ya kuku. Maji ya bomba ni salama kunywa. Chemchemi za barabarani zenye maandishi "no potable" si za kunywa.

Sehemu ya kulala ndiyo nisingebana pesa. Iwe ndani ya mji wa kale, kwa sababu mtarudi chumbani mchana kila siku na mwendo wa dakika kumi na wa dakika thelathini ni tofauti kubwa kwa mtu wa miaka 68. Magari ya kawaida yamezuiwa katika sehemu kubwa ya mji wa kale, ila teksi zinaingia, kwa hiyo uliza kama teksi inafika mlangoni. Uliza kama kiyoyozi kiko kwenye kila chumba, vya watoto vilevile. Uliza ghorofa gani: chumba cha juu kabisa chini ya paa hubaki na moto hadi usiku wa manane, kile cha chini kinachotazama ua wa ndani hubaki na ubaridi. Nyua hizo za ndani, zenye kisima, vyungu vya maua na kuta zilizopakwa chokaa, ndizo zilizoupa mji sifa. Sherehe yake ya mwezi wa Mei iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2012. Ukitaka kuona nyingi mahali pamoja, jumba la Viana lina 12, na asubuhi maua yakiwa yametoka kumwagiliwa ndio wakati wake. Bwawa la kuogelea hotelini ni anasa popote pengine. Julai Córdoba, kwa watoto, ni dawa.

Jioni msitoke kabla ya saa mbili na nusu, na hata hapo bado kuna mwanga kamili na kuta zinatoa joto zililonywa mchana. Nendeni polepole mtoni. Jua likikaribia kuzama simameni kwenye daraja la Kirumi mtazame vichaka vya Sotos de la Albolafia katikati ya mto: yangeyange wanarudi kulala, makundi kwa makundi, pamoja na korongo wa aina mbalimbali. Mama mkwe atawaambia wajukuu habari zote za ndege hao bila muongoza watalii. Pembeni kuna gurudumu kubwa la maji, na husimuliwa kuwa Malkia Isabel aliliondoa kwa sababu mlio wake ulimnyima usingizi katika ngome iliyo jirani. Mkiwa na mtoto anayependa farasi, ulizieni maonyesho ya usiku katika Caballerizas Reales, mazizi yaliyoanzishwa na Mfalme Felipe wa Pili mwaka 1570. Msione vibaya watoto wakiwa nje saa tano usiku. Viwanja vyote vitakuwa vimejaa watoto wa Kihispania wanaocheza mpira na bibi zao kwenye viti.

Asubuhi ya pili ni ya Alcázar de los Reyes Cristianos, ngome ya mwaka 1328, hasa bustani zake zenye madimbwi marefu ya maji. Kiangazi hufunguliwa mapema na kufungwa mchana, na Jumatatu haifunguliwi, kwa hiyo angalia siku zenu zisiangukie hapo. Minara ina ngazi nyingi. Baba apande na mkubwa, wengine wabaki kwenye maji.

Medina Azahara, mji wa kifalme wa Abdurrahman wa Tatu ulioanzwa mwaka 936, kama kilomita 8 nje ya mji, najua mtaambiwa msiikose. Kwa familia yenu, wiki hiyo, ikoseni. Magofu yapo kwenye mteremko usio na kivuli, unashuka kwa raha na kurudi kwa kupanda. Kama mume wako ana hamu sana aende na mkubwa mlango unapofunguliwa, akapande basi la pale makumbusho, na kabla ya saa tano wawe wamerudi.

Sasa mama mkwe. Kabla hajaondoka Tanga amuone daktari wake na amwambie wazi kwamba anaenda kwenye nyuzi 40. Baadhi ya dawa za presha, hasa zinazomfanya mtu akojoe sana, zinamtoa maji na chumvi, na presha inaweza kushuka ghafla akisimama. Daktari ndiye atakayesema kama dozi ibadilishwe. Yeye mwenyewe asiziache wala kuzipunguza, na wewe usimshauri hivyo. Dawa zisibaki kwenye gari wala dirishani. Akisema kichwa kinazunguka, anatetemeka misuli, au ametapika, siku ya matembezi imekwisha: kivuli, miguu juu, maji, kanga iliyolowa, na mchanganyiko wa chumvi na sukari ambao maduka ya dawa, yenye msalaba wa kijani, yanauuza kwa jina la suero oral. Lakini akianza kuongea visivyoeleweka, akizimia, au mwili ukiwa wa moto sana na akili haipo, hicho ni kiharusi cha joto na kinaua. Piga 112 papo hapo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea mkiwa mnasubiri, na msimnyweshe kitu kama hajitambui. Hayohayo kwa mdogo.

Wiki yenyewe ikifika tazama tahadhari za AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania. Njano ni Julai ya kawaida ya Córdoba. Ikiwa rangi ya machungwa, punguza asubuhi iishe saa nne. Ikiwa nyekundu, mkiwa bado Sevilla, ahirisheni au mkimbilie Cádiz, ambako bahari ya Atlantiki inapuliza, na tiketi za treni zinazobadilishika ndizo za kukata tangu mwanzo hata kama zimeongezeka bei kidogo. Treni ya kurudi ikateni ya saa sita au saa saba mchana wa siku ya tatu, baada ya asubuhi ya pili. Wengi hukata ya jioni wakidhani wanapata siku nzima, halafu hoteli inawataka watoke chumbani saa sita, na wanabaki na mabegi, watoto na bibi barabarani katika saa zilezile nilizokwambia mzikimbie.